Kuchagua chipu ya enkoda ya video kwa konsoli za zamani: mwongozo kamili

Kila anayeanza kurekebisha konsoli za gemu za zamani huuliza swali lile lile: "Enkoda ipi ndiyo bora?" Naye hujibiwa kwa majina: mmoja atasema CXA1645, mwingine AD724, wa tatu ataapa kwa CXA2075. Wote wanaweza kuwa sahihi na wewe ukabaki na picha mbovu, kwa sababu jina la chipu ni la mwisho kuamuliwa. La kwanza ni saa, yaani lile wimbi litakalobeba rangi: linatoka wapi, lina masafa gani, na linaendana vipi na saa ya konsoli yenyewe. Ukishalijua hilo, chipu karibu inajichagua.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Konsoli nyingi za mwisho wa miaka ya 1980 na za miaka ya 1990 huzalisha ndani yake picha ya RGB: nyekundu, kijani na bluu, kila rangi na waya wake, pamoja na signali ya kusawazisha mistari ambayo mafundi huiita sinki. Enkoda huchukua nyaya hizo nne ikazikunja. Ikizikunja ziwe mbili, mwangaza kwake na rangi kwake, hiyo ni S-Video. Ikizikunja zikawa waya mmoja, ule wenye plagi ya njano, hiyo ni kompositi. Ili rangi iingie katika waya mmoja na mwangaza, hupandishwa juu ya wimbi la 3.579545 MHz kwa NTSC (mfumo wa runinga wa hezi 60) au 4.43361875 MHz kwa PAL (mfumo wa hezi 50). Runinga ndiyo yenye kazi ya kuvitenganisha tena, na haiwezi kuvitenganisha kikamilifu. Karibu kila kasoro utakayoiona kwenye kompositi inatokana na hapo.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba unahitaji enkoda

Watu wengi wanaotafuta enkoda hawaihitaji. Kama runinga, monita au kigeuzi chako kinapokea RGB, enkoda ni mzunguko wa bure: unakunja picha nzuri ili uje uikunjue. Unachohitaji ni kikuza signali tu. THS7314 ya Texas Instruments ina njia tatu, inakuza mara mbili, ina kichujio cha takriban 8.5 MHz ndani yake, na ina miguu (pini) minane tu. THS7374 ina njia nne, kwa hiyo hata sinki hupata njia yake, na kichujio chake unaweza kukizima.

Upande wa pili kuna konsoli ambazo enkoda haizisaidii hata ukitaka. NES ni mfano ulio wazi. Chipu yake ya picha, 2C02, hutoa kompositi moja kwa moja. Hakuna RGB popote kwenye bodi ile, hivyo hakuna cha kuipa enkoda. Unaweza kufunga bodi ya ziada inayotengeneza RGB upya, kisha enkoda ikawa na maana, lakini huo ni mradi mwingine. Commodore 64 nayo hutoa mwangaza na rangi tayari vimetengana, kwa hiyo S-Video yake inahitaji usafi wa nyaya, haihitaji enkoda.

Nintendo 64 ina hali mbili. Matoleo ya mwanzo ya NTSC yenye chipu ya VDC-NUS hutoa RGB ya analogi unayoweza kuikuza kwa THS7314. Matoleo ya baadaye yaliunganisha kila kitu katika chipu moja, na RGB ya analogi haitoki tena. Hapo ni lazima uichote picha ikiwa bado ya kidijitali, kwenye njia yake ya biti saba, na kuigeuza kwa DAC, yaani chipu inayogeuza signali ya kidijitali kuwa ya analogi, kama ADV7125. Hiyo si kazi ya enkoda.

Enkoda inahitajika kweli katika hali chache: runinga yako inapokea kompositi au S-Video tu, konsoli ina tundu la antena peke yake ingawa ndani ina RGB, chipu ya awali imekufa au ni ya ubora wa chini, au umebadilisha konsoli kutoka hezi 50 kwenda 60 na rangi zikapotea. Hiyo ya mwisho ndiyo inayofundisha zaidi, nitairudia.

Hatua ya 2: Isome konsoli kabla ya kununua chochote

Fungua konsoli, tafuta mchoro wa saketi wa toleo lako hasa la bodi, na uandike majibu manne kwenye karatasi.

RGB inapatikana wapi, na kiwango chake ni kipi? Signali ya kawaida ya RGB kwenye kebo ni takriban 0.7 V kutoka weusi hadi weupe, ikiwa imefungwa kwa omu 75. Lakini ile inayotoka moja kwa moja kwenye chipu ya picha, kabla ya kukuzwa, inaweza kuwa tofauti kabisa. AD724 na ndugu zake husubiri 0.714 V. Usidhani kwamba kiwango kilichoifaa chipu ya Sony kwenye bodi ile ile kitaifaa AD724 bila kurekebishwa. Ukilazimisha, weupe hugota juu na maeneo angavu hupoteza maumbo yake: mawingu yanakuwa bamba jeupe. Pima kwa osiloskopu picha ikiwa nyeupe tupu, kisha ugawanye kwa rezista mbili ikibidi.

Sinki iko katika hali gani? Enkoda karibu zote zinataka sinki safi ya kiwango cha mantiki, yaani ya volti kadhaa. Sinki iliyokwisha kupunguzwa kwa ajili ya kebo, yenye 0.3 V, haitaiamsha. Kama ulichonacho ni sinki iliyochanganywa na picha, chipu ya LM1881 huichambua ikakupa sinki tupu. Kwa AD724 na AD725, sinki ya pamoja huingia kwenye mguu wa HSYNC (sinki ya mlalo) na mguu wa VSYNC (sinki ya wima) unafungwa juu, kwenye 5 V. Wengi huuacha mguu huo ukining'inia, halafu wanashangaa kwa nini picha inaruka.

Kuna 5 V ya kutosha na tulivu? Jibu hili linapuuzwa mno, na ndilo linaloamua kama utaona mistari ya wima kwenye anga la bluu.

Jibu la nne ni la saa, nalo linastahili hatua yake.

Hatua ya 3: Saa

Mega Drive ya Sega, toleo la NTSC, huendeshwa na kristali (kipande kinachopiga mapigo ya saa) ya 53.693175 MHz. Gawa kwa 15, unapata 3.579545 MHz, wimbi la rangi la NTSC kamili. Chipu ya picha yenyewe ndiyo inayogawanya na kulitoa wimbi hilo kwa enkoda. Ya PAL ina kristali ya 53.203424 MHz, gawa kwa 12, unapata 4.4336 MHz.

Sasa chukua Mega Drive ya PAL, weka swichi ya kuifanya iende kwa hezi 60. Chipu ya picha inadhani iko NTSC na inagawanya kwa 15. Lakini kristali haikubadilika. 53.203424 ÷ 15 ni 3.546895 MHz, pungufu kwa zaidi ya kilohezi 32 kutoka mahali ambapo runinga ya NTSC inatega sikio. Runinga nyingi huvumilia mteremko wa mamia machache ya hezi, si zaidi. Matokeo yake ni picha nyeusi na nyeupe. Mtu anabadilisha enkoda, anapata nyeusi na nyeupe tena. Anabadilisha ya pili, hali ni ile ile. Enkoda haina kosa hata moja. Inabeba rangi juu ya wimbi ililopewa. Dawa ni kuipa enkoda wimbi lake lenyewe la 4.43361875 MHz kutoka kwenye osileta ya pembeni, yaani kifaa kinachojitegemea cha kuzalisha wimbi, ukaacha ibaki kwenye mtindo wa PAL huku picha ikienda kwa hezi 60. Huo ndio mtindo unaoitwa PAL60, na runinga nyingi za PAL za miaka ya 1990 na kuendelea zinaukubali.

Kwa hiyo swali la kwanza la saa ni hili: wimbi litatoka kwenye konsoli, au kwenye osileta yako? Kila njia ina gharama yake, na hapa ndipo penye utamu.

Kanuni ya NTSC inataka kila mstari wa picha ubebe mizunguko 227.5 ya wimbi la rangi. Ile nusu iliwekwa kwa makusudi: makosa ya mstari mmoja yanageuka kinyume kwenye mstari unaofuata, jicho linayachanganya na kuyafuta. Konsoli hazikujali sana kanuni hiyo. Mstari wa Mega Drive una mipigo 3420 ya saa kuu. Gawa kwa 15, ni mizunguko 228 kamili. Hakuna nusu. Kosa linaangukia mahali pale pale kwenye kila mstari, likijipanga kutoka juu hadi chini kama nguzo. Ndiyo asili ya zile pazia za upinde wa mvua zinazosimama wima kwenye Mega Drive. Kwenye Super Nintendo, mstari una mipigo 1364 ya saa ya 21.477 MHz, nayo saa hiyo ni mara sita ya wimbi la rangi, hivyo unapata mizunguko 227 na theluthi moja. Kosa linajirudia kila baada ya mistari mitatu, likionekana kama chembe za mshazari badala ya nguzo.

Angalia maana yake. Hesabu hiyo imo ndani ya konsoli. Hakuna enkoda itakayoifuta. Enkoda nzuri itapunguza ukali wake kwa kuchuja vizuri zaidi, lakini anayekuambia kwamba chipu fulani "inaondoa upinde wa mvua wa Mega Drive" kwenye kompositi anakuuzia mbuzi kwenye gunia. S-Video huuondoa, kwa sababu mwangaza na rangi havikutani tena.

Ukitumia osileta ya pembeni unavunja uhusiano huo wa 228. Nguzo hazisimami tena, zinatambaa. Kuna wanaoona ni nafuu kubwa, kwa sababu kitu kinachotembea jicho hukipuuza. Mimi hunikera kuliko nguzo zilizotulia. Pia sasa una saa mbili zisizofahamiana ndani ya boksi moja, na zikivujishiana unapata mawimbi hafifu yanayopita kwenye picha.

Ushauri wangu ni huu: konsoli ikiwa inatoa wimbi sahihi, litumie. Osileta ya pembeni iwe kwa ajili ya PAL60, au pale wimbi halipatikani kabisa. Na ukiitumia, nunua osileta kamili yenye kopo la chuma na usahihi wa sehemu 50 kwa milioni au bora zaidi. Kwa PAL, sehemu 50 kwa milioni ni kama hezi 222, na runinga huweza kuzivumilia. Kristali tupu na kapasita mbili za kukisia inaweza kukupa rangi leo na kukunyima kesho chumba kikipata joto.

Swali la pili la saa: enkoda inataka masafa gani? Hapa chipu zinaachana njia. CXA1145, CXA1645 na CXA2075 zinataka wimbi la rangi lenyewe. AD724 inakubali wimbi lenyewe au mara nne yake, kwa kuchagua kwenye mguu wa 12: chini kwa wimbi lenyewe, juu kwa mara nne. AD725 inataka mara nne tu, yaani 14.31818 MHz kwa NTSC au 17.734475 MHz kwa PAL. Mtu anayenunua AD725 kwa ajili ya Mega Drive huku anategemea wimbi la konsoli amenunua kiatu cha mguu wa mwingine. Lakini Super Nintendo ya PAL ina kristali ya 17.734475 MHz tayari kwenye bodi, mara nne kamili, na hapo AD725 inakaa kama imetumwa. Usichote tu kwenye miguu ya kristali yenyewe, utaizima au utaipotosha; chota baada ya hatua iliyokwisha kuikuza, au weka geti moja la mantiki katikati.

Hatua ya 4: Sasa chipu zenyewe

CXA1145 ya Sony ni mzee wa ukoo. Utaikuta kwenye Mega Drive ya kwanza, Neo Geo AES, Amiga 600 na 1200. Inahitaji msaada mwingi wa nje: mstari wa kuchelewesha mwangaza na kichujio cha rangi vyote vinakaa nje ya chipu. Ubora wa picha yake kwa hiyo ni ubora wa vipande vilivyoizunguka. Sioni sababu ya kuinunua kwa mradi mpya. Lakini kama ipo na inafanya kazi, mara nyingi kubadilisha kapasita zilizochoka zinazoizunguka kunasaidia kuliko kuing'oa.

CXA1645 iliingiza ndani kichujio cha rangi na kichelewesho cha mwangaza, na ina vikuza vya kuendesha mzigo wa omu 75 kwa RGB, kompositi na S-Video kwa pamoja. Kwa maneno mengine, chipu moja inakupa matokeo yote matatu. Ina miguu 24, inakuja katika umbo pana la kuchomeka, herufi P mwishoni, au la kulehemu juu ya bodi, herufi M. Mguu wa 7 huchagua NTSC ukiwa juu na PAL ukiwa chini. Tahadhari: rezista ya mguu wa 18, inayoweka kichujio cha ndani, ina thamani tofauti kwa NTSC na PAL. Ukigeuza mguu wa 7 tu na kuisahau hiyo, rangi zitatoka zimefifia au zimesogea. CXA2075 ni mdogo wake wa karibu na mpangilio wa miguu unafanana. Hutumiwa kama mbadala wake.

Shida kubwa ya chipu hizi za Sony ni upatikanaji. Uzalishaji ulishakoma, na zinazouzwa leo ni akiba ya zamani, zilizong'olewa kwenye bodi nyingine, au zilizokwanguliwa jina na kuandikwa upya. Nimewahi kupokea kumi zilizotoka kwa muuzaji mmoja ambazo mguu wa 20, wa kompositi, haukutoa chochote kwenye hata moja. Ndani ilikuwa chipu ya kazi nyingine kabisa. Tangu hapo kila chipu naijaribu kwenye soketi kabla ya kuisogeza karibu na konsoli. Ukipata zilizong'olewa kwenye bodi unayoiona kwa macho, zichukue kabla ya "mpya" zinazong'aa.

AD724 ya Analog Devices ndiyo ninayoipendekeza kwa anayejenga bodi ndogo ya kuongeza. Miguu 16, volti 5, NTSC na PAL kwa mguu mmoja (wa 1: juu ni NTSC, chini ni PAL), na kama tulivyoona, inakubali masafa mawili ya saa. Inatoa kompositi, mwangaza na rangi. Haitoi RGB, hivyo RGB utaikuza kwa njia nyingine kama unaitaka pia. Jambo moja lijue: kichelewesho chake cha mwangaza hufanya kazi kwa kuchukua sampuli kwa kasi ya mara nane ya wimbi la rangi, inayotokana na saa uliyoipa. Saa ikitetemeka, si rangi tu itakayoumia. Hata mwangaza utapata chembechembe. Enkoda ya Sony ingesamehe, hii haisamehi.

AD725 ni AD724 iliyobadilishwa mguu mmoja: ule wa kuchagua saa umekuwa mguu wa kutegea mwangaza, nao nitaueleza chini. AD723 hufanya kazi hata kwa volti chini ya 3 na ina uwezo wa kutambua kama runinga imechomekwa. Umbo lake ni la miguu 28 iliyosongamana sana, na kwa mkono usiozoea ni mateso. Iache, isipokuwa unatengeneza kitu cha kubebeka kinachoendeshwa kwa betri.

KA2195D ya Samsung na MB3514 ya Fujitsu utazikuta kwenye baadhi ya matoleo ya Mega Drive 2. Hizi hazinunuliwi, ndizo zinazoondolewa. Kwa kuwa bodi za Mega Drive 2 zilitoka na enkoda tofauti kulingana na toleo, usiamini maandishi ya nje ya kasha. Fungua uone.

Hatua ya 5: Amua kuhusu mtego wa mwangaza

AD725 na CXA1645 zina mguu unaoitwa YTRAP. Ukiunganisha hapo koili na kapasita, unakata kipande cha mwangaza kilicho kwenye masafa ya wimbi la rangi kabla hakijachanganywa. Matokeo: upinde wa mvua unapungua kwenye kompositi, na ukali wa picha unapungua kidogo pia. S-Video haiguswi.

Ukiwa na koili ya 68 µH, hesabu inadai kapasita ya takriban 29 pF kwa NTSC na 19 pF kwa PAL, ikiwemo ile inayoletwa na bodi yenyewe. Weka kapasita ya kurekebisha kwa bisibisi, kisha izungushe ukiwa unatazama mistari myembamba ya wima, hadi rangi za bandia zipungue kabisa.

Je, uuweke? Inategemea gemu. Wachoraji wa zama zile waliijua kompositi na kuitumia. Maporomoko ya maji katika Sonic the Hedgehog yamechorwa kwa mistari ya wima inayopishana. Kompositi huichanganya mpaka ikaonekana kama maji yanayopitisha mwanga. Kwa RGB unaona mistari mitupu. Mimi huweka mtego kwenye kompositi bila kusita, kwa kuwa anayetaka ukali ana S-Video kwenye tundu la pembeni.

Hatua ya 6: Umeme na mpangilio

Hapa ndipo miradi mizuri inapoharibikia. Enkoda ni kifaa cha analogi kilichokaa katikati ya kelele za kidijitali, na kila kelele kwenye laini ya 5 V inageuka kuwa mstari kwenye picha.

Weka kapasita ya 0.1 µF karibu na kila mguu wa umeme, karibu kiasi cha kugusana, na nyingine ya 10 µF au zaidi pale umeme unapoingia kwenye bodi yako. AD724 ina miguu tofauti ya umeme wa analogi na wa kidijitali. Iunganishe kupitia shanga ya feraiti, usiifunge pamoja kwa waya mmoja mrefu. Grandi ya bodi yako iwe fupi na nene, na iende mahali pamoja kwenye konsoli. Wimbi la rangi lipite mbali na nyaya za RGB. Nikilazimika kulivusha, nalipitisha kwenye waya wenye ganda la grandi.

Wengi hubadilisha 7805 ya zamani, chipu ya kudhibiti 5 V ndani ya konsoli, kwa kigeuzi cha kisasa kisichopata joto. Kigeuzi hicho huwasha na kuzima mkondo mara nyingi mno kwa sekunde, na kikiwa cha hali ya chini utaiona kelele yake kama pazia jembamba. Nimewahi kubadilisha enkoda mbili mfululizo nikitafuta mistari iliyokuwa inatoka kwenye kigeuzi nilichokifunga mwenyewe wiki moja kabla.

Upande wa kuingia, kila rangi ipite kwenye kapasita ya 0.1 µF. Upande wa kutoka, kila signali ipite kwenye rezista ya omu 75 na kapasita ya 220 µF, upande chanya ukitazama chipu. Enkoda hizi hukuza mara mbili kwa sababu rezista hiyo na ile iliyo ndani ya runinga hugawana signali nusu kwa nusu. Ukiiruka, picha inang'aa kupita kiasi na vivuli vya maumbo vinajirudia pembeni.

Hatua ya 7: Kuing'oa ya zamani

Hili fupi. Kama hutaitumia tena chipu ya zamani, kata miguu yake kwa kikatio chembamba, ondoa mwili, kisha safisha kila kisiki peke yake kwa lehemu mpya. Kuing'oa nzima kwa joto ni kuhatarisha bodi yenye miaka thelathini, ambayo njia zake huinuka kwa urahisi. Na kama unaongeza bodi ndogo bila kuondoa enkoda ya awali, hakikisha enkoda ya awali haiendelei kuendesha waya ule ule wa kutoka. Chipu mbili zikivutana kwenye waya mmoja, zote zinapata joto na picha inakuwa nusu.

Hatua ya 8: Ijaribu kwa mpangilio

Kabla ya runinga, pima omu kati ya 5 V na grandi. Isiwe karibu na sifuri. Washa, pima volti kwenye mguu wa chipu wenyewe, si kwenye mahali umeme unapotoka. Gusa chipu kwa kidole baada ya dakika moja: vuguvugu ni sawa, ikichoma zima.

Kisha angalia kwa osiloskopu: sinki inaingia, wimbi la rangi linaingia, kompositi inatoka. Mwanzoni mwa kila mstari, baada ya sinki, lazima uone fungu dogo la mizunguko ya wimbi la rangi. Runinga hulitumia fungu hilo kujipatanisha. Lisipokuwepo, hakuna rangi.

Ndipo uchomeke runinga, na utumie 240p Test Suite, programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya konsoli nyingi za zamani. Mistari ya rangi inakuonyesha kiwango, gridi inakuonyesha ukali, na skrini nyeupe tupu inakuonyesha pazia za kelele. Dalili zinasomeka hivi. Picha nyeusi na nyeupe iliyotulia: masafa ya wimbi ni mabaya, au NTSC na PAL vimebadilishana. Rangi zinazokuja na kupotea: saa iko pembeni kidogo, au sinki inavuja. Rangi sahihi lakini zimesogea kulia mwa umbo lake: kichelewesho cha mwangaza, kwa kawaida kwenye CXA1145 yenye vipande vibovu. Nyekundu inayosambaa nje ya umbo lake huku rangi nyingine ziko sawa: kiwango cha RGB ni kikubwa mno. Picha inayoruka juu chini: VSYNC haijafungwa, au sinki ni dhaifu.

Iache iwake kwa muda wa saa mbili kabla hujafunga kasha. Osileta inayoteleza kwa joto haitajitokeza ndani ya dakika tano, na ukishafunga skrubu zote nane ndipo rangi itakapoamua kuondoka.